Dumu la Lita 20 na Nati Sita

Gari linaloteremka mlima Kitonga huacha harufu ya breki kila kona. Linalopanda hufika Ilula injini ikitokota, dereva akitafuta maji ya rejeta na nyanya za kupeleka nyumbani. Vyovyote iwavyo, gurudumu ndilo linalopokea yote: joto la diski, uzito wa matenga, mashimo ya njia za mashambani. Ndiyo maana fundi wa Ilula anayeombwa kuvua rimu za chuma za Land Cruiser mkonga, yaani ile ya 70, na kufunga rimu za spoti ana kazi nzito kuliko mwenzake wa mjini, ambaye gari la mteja wake litaishia kwenye maegesho ya baa.

Mteja huja na rimu tayari. Kazinunua Gerezani, Dar es Salaam, zimepandishwa kwa basi zikiwa zimefungwa kamba mbili mbili, na akilini mwake gari limekwisha kung'aa. Anachohitaji ni jeki na spana tu. Kamwene fundi, funga twende. Fundi ninayemsifu hapa huitikia salamu, halafu hana haraka. Huilaza rimu kifudifudi, maana upande wa mbele ni wa kuwapendeza watu. Habari ziko mgongoni.

Mgongoni kuna herufi zilizosubiwa ndani ya aluminiamu. Rimu ya Japani hubeba alama ya JWL, kiwango cha magari ya abiria, au JWL-T, kiwango cha malori na mabasi. Kuna upana na kipenyo, kuna namba ya kusogea ndani au nje, na mara nyingi kuna uzito ambao rimu moja inaruhusiwa kubeba. Pikapu inayoshusha nyanya kutoka shambani haina haja na rimu iliyopimwa kwa ajili ya kubeba familia kwenye lami. Fundi akikosa alama yoyote, huiweka rimu pembeni na kuuliza ya pili iko wapi.

Kisha huiosha. Akishaikausha, huipaka mafuta ya taa, huacha dakika chache, huifuta vizuri na kuinyunyizia vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ni njia ya zamani, haina umeme wala mashine, nami naiheshimu kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Chuma kikigonga jiwe hupinda, na nyundo hukirudisha. Aluminiamu ya kusubu ikigongwa sana hupasuka, na ufa uliochomelewa na kupakwa rangi ya fedha umerembwa tu, haujapona.

Baada ya hapo kipimo. Land Cruiser za zamani, zikiwemo za 60, za 80 na mikonga mingi ya kabla ya 1999, zina bolti sita kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 139.7. Nissan Patrol nayo ni hivyo hivyo. Pajero pia. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu matundu kulingana hakumaanishi rimu kufaa. Tundu la katikati la rimu za Pajero nyingi ni milimita 67 hivi, wakati habu ya mbele ya Land Cruiser, yaani kitovu cha gurudumu, inahitaji 106. Rimu hiyo haiingii, hata ungeisukuma kwa goti. Rimu ya Patrol ina tundu la 110, kwa hiyo inapita na kuacha uwazi wa milimita mbili kila upande. Rimu haikai tena juu ya kitovu chake, na ni umbo la nati pekee litakaloiweka katikati. Nati zenyewe ni mtego mwingine. Bolti za Toyota hizo na za Patrol zote ni nene milimita 12, ila nyuzi za Toyota zimeachana kwa milimita 1.5 na za Patrol kwa 1.25. Nati ya Patrol itashika uzi wa kwanza wa Toyota, na mwenye nguvu akiilazimisha kwa spana ndefu ataharibu bolti huku akidhani amekaza.

Land Rover ina hesabu yake. Bolti zake ni tano, kwa hiyo hakuna tundu linalotazamana na jingine na huwezi kupima moja kwa moja. Fundi hupima kutoka kati ya tundu moja hadi kati ya jirani yake, kisha huzidisha kwa 1.701. Akipata milimita 97, jibu ni 165, nalo ni duara la Defender na la Discovery ya kwanza. Mkonga wa baada ya mabadiliko ya 1999 mara nyingi una bolti tano pia, lakini kwa jirani utapata 88, maana duara lake ni 150. Hesabu hii huandikwa kwa chaki ukutani, na mteja asiyejua hudhani ni deni.

Sehemu ninayoipenda zaidi haina hata spana. Gari likiwa juu ya mawe na jeki, rimu ya zamani imeshatoka, fundi huchukua brashi ya waya na kusugua uso wa habu mpaka kutu yote iishe. Husugua pia mgongo wa rimu pale inapokutana na habu, na kama kuna rangi nene hapo, huitoa. Bolti hazibebi gari kama msumari unavyobeba koti. Kazi yake ni kuvuta rimu na habu zibanane mpaka msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito. Kipande cha rangi, chembe ya mchanga au gamba la kutu vikikaa katikati, vitasagika safari ya kwanza tu, na mkazo utapungua bila mtu kugusa nati. Tena nyuzi huachwa kavu. Ukizipaka oili, spana itakuonyesha mkazo uleule, lakini bolti itakuwa imevutwa kuliko inavyotakiwa.

Halafu nati huingizwa kwa vidole, na fundi huhesabu mizunguko. Nati inatakiwa ishike urefu usiopungua unene wa bolti. Kwa bolti ya 12 yenye nyuzi za 1.5, hiyo ni mizunguko minane. Rimu ya aluminiamu ni nene kuliko ya chuma, hivyo bolti hubaki fupi, na nati za zamani huweza kugota kwenye mzunguko wa tano. Hapo kazi husimama. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zilitengenezewa nati yenye shingo inayoingia ndani ya tundu, na washa bapa. Nati ya koni ya rimu ya chuma itauma kingo za tundu na kulipanua. Nimewahi kusikia ubishi mkali juu ya jambo hili, na wabishi wote walikuwa wameshika nati isiyo yake.

Kukaza kwenyewe huenda kwa kuvuka: nati ya juu, kisha ya chini, kisha za pembeni kwa kutazamana, raundi ya kwanza kidogo, ya pili kidogo, ya tatu kwa kipimo. Kitabu cha Land Cruiser 80 kinataka Newton-mita 103 kwa rimu za aluminiamu za kiwandani. Spana yenye saa ya kipimo si kifaa cha kila gereji, lakini hesabu haihitaji kibali cha mtu. Newton-mita 103 ni sawa na kilo kumi na nusu kwenye ncha ya spana ya mita moja, au kilo 21 kwenye spana ya nusu mita. Dumu la lita 20 lililojaa maji, pamoja na plastiki yake, ni karibu kilo 21. Spana ikiwa imelala sawa na ardhi, dumu likining'inia kwenye ncha bila kurushwa, nati inapoacha kuzunguka imefika. Wenye mabavu ambao husimama juu ya spana na kuruka hukaza mara kadhaa zaidi ya hapo, halafu hushangaa bolti ikikatika Mahenge, chini ya Kitonga.

Kabla ya kushusha jeki, gurudumu huzungushwa kwa mkono ili kusikiliza kama kalipa inagusa. Usukani hupigwa mpaka mwisho kulia na kushoto. Kisha vijana wawili watatu hupanda nyuma, kwa sababu tairi lisilogusa madigadi gari likiwa tupu linaweza kuyagusa matenga yakipakiwa. Tairi lenyewe nalo huulizwa. Tairi la 7.50R16 la mkonga huweza kubeba namba ya mzigo ya 120 na kitu. Ile ya 122 ni kilo 1,500 kwa tairi moja. Tairi la 265/70R16 linalopendwa na wenye rimu za spoti huandikwa mara nyingi 112, yaani kilo 1,120. Linapendeza, ndiyo, ila mkulima wa vitunguu apunguze magunia au atafute tairi lenye namba kubwa.

Kuhusu rimu za chuma, mimi bado nina huruma nazo. Kwa gari linaloishi shambani ningeziacha zilivyo. Lakini mtu ana haki ya kupenda gari lake, na mkonga wenye rimu zilizofungwa vizuri hauna tofauti kubwa ya usalama na ulivyokuwa; hatari iko katika kufunga.

Agizo la mwisho ni safari. Nenda Iringa urudi, ambayo ni kama kilomita 90, kisha uje gari likiwa limepoa. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na baada ya breki kuchemka na kupoa, nati huwa zimetafuta makao mapya. Zinakazwa tena kwa dumu lilelile. Tairi la akiba, hata hivyo, bado lina rimu ya chuma, na nati mpya zenye shingo hazilifai. Kwa hiyo fundi hukusanya nati sita za zamani, huzifunga kwenye kitambaa, huziweka chini ya kiti cha dereva na kumwambia mwenye gari kwamba siku ya pancha asitumie kipimo cha leo: kwa kitabu kilekile, rimu ya chuma inataka Newton-mita 147, kwa hiyo dumu moja halitoshi, litahitaji karibu nusu ya jingine.