Jina Lililoahidiwa

Mnara wa taa wa Ras Mkumbi ulijengwa na Wajerumani mwaka 1892. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na watu wa kisiwa hiki wakajikuta chini ya mfalme mwingine. Katika ukoo wetu, huku kaskazini, yasimuliwa habari ya babu mmoja aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi bara, asirudi. Jina lake hatulijui. Twamwita Babu Mpagazi, basi.

Ni kwa ajili yake nayahakiki maandishi yaliyo chini ya Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, yakatiwa pia katika Kiswahili. Yawataja askari wenyeji, kisha wapagazi, ambao yawaita miguu na mikono ya jeshi. Hatimaye yaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kwa ufundi, utungo huo ni mzuri: mfupi, wenye uzito wa methali. Istiara ya miguu na mikono ni ya kweli, kwani bila wapagazi jeshi lile lisingepiga hatua. Lakini mguu hauna jina. Na juu ya jiwe amesimama askari peke yake na bunduki yake. Mpagazi aliyesifiwa chini hayupo pale juu. Tena, kwa mtu wa Mafia wa mwaka 1915, hiyo "nchi yake" ilikuwa ya nani?

Kipling aliujua msiba. Mwanawe John alipotea vitani Loos, Ufaransa, mwaka huo huo wa 1915, na jina lake limechongwa huko. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi, hawakuchongewa majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kutowatendea haki wafu wa Afrika, ikaomba radhi.

Kasoro ya utungo, basi, ni kuwaachia watoto kazi ambayo makarani hawakuifanya. Kikosi cha wapagazi kiliacha jina, nalo ni Kariakoo. Watu wake hawakuacha. Katika tenzi zetu mtunzi hujitaja mwishoni asisahauliwe. Tuwaulize wazee wa Bweni na Kanga majina yaliyosalia, tuyatie katika beti, hata yakiwa mawili matatu.