Kichuguu au Mchwa? Uhakiki wa Upangaji na Utoaji Majina wa Jenasi ya Termitomyces

Uhakiki huu unachunguza upangaji na utoaji majina wa Termitomyces, jenasi ya uyoga unaoishi kwa kutegemeana na mchwa, ambao kofia zake aghalabu ni za rangi ya kahawia. Hoja kuu ni kwamba jina la kimaelezo la Kiswahili, uyoga wa kichuguu, hutaja mahali uyoga unapoota na kuuacha uhusiano unaoitambulisha jenasi hiyo.

Jenasi hiyo iliasisiwa na Roger Heim mwaka 1942. Awali, spishi zake zilitawanywa katika jenasi mbalimbali kwa kigezo cha umbo. Heim aliziunganisha chini ya jina lililoundwa kwa neno la Kilatini la mchwa na la Kigiriki la kuvu. Kigezo chake kilijaribiwa na Termitomyces microcarpus. Spishi nyingine hushusha mzizi-bandia hadi kwenye masega ya kuvu yanayotunzwa na mchwa kiotani. Hii haina mzizi huo. Huota kwa makundi juu ya vipande vya masega vilivyotolewa nje na mchwa. Rolf Singer aliitenga katika jenasi ya Podabrella, lakini uchunguzi wa vinasaba uliirejesha. Umbo lilipotosha, uhusiano ukaongoza.

Inaweza kudaiwa kwamba mchumaji huona kichuguu, wala haoni masega. Dai hilo lina uzito kijijini, lakini hudhoofika pembezoni mwa jiji. Huko Madale, wilayani Kinondoni, ardhi inaposawazishwa kwa ujenzi, kichuguu hutoweka ilhali kiota chaweza kusalia chini. Anayetegemea jina hupoteza alama yake, akabakiwa na rangi. Rangi nayo haitoshi: Chlorophyllum molybdites, uyoga wenye sumu unaoota penye nyasi za nyumbani, una magamba ya kahawia pia. Spora zake ni za kijani, ilhali za Termitomyces ni za waridi.

Kitabu cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi cha 2003 kuhusu uyoga wa Tanzania kinastahili sifa kwa kuyaweka majina ya wenyeji sambamba na ya kisayansi. Hata hivyo, kimeandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya kusanifu istilahi za Kiswahili ingali inahitajika. Inapendekezwa kwamba uyoga wa mchwa liwe jina la jenasi nzima, na uyoga wa kichuguu libaki kwa spishi zinazochomoza kichuguuni. Hata hivyo, hakuna jina kati ya hayo linalopaswa kuchukuliwa kuwa idhini ya kula.