Daftari la Odinga, likisomwa Garissa

Wengi wetu tukishika *Not Yet Uhuru* ya Jaramogi Oginga Odinga, tunakimbilia kurasa za Kenyatta na ule ugomvi wa 1966. Rudi nyuma kidogo, kwa mfanyabiashara. Kabla ya siasa kubwa kulikuwa na mwalimu wa Maseno aliyeacha chaki akazunguka Nyanza akiwaomba watu wanunue hisa, hadi mwaka 1947 ikasimama kampuni ya Luo Thrift and Trading. Hapo ndipo kitabu kina damu. Biashara kwake ilikuwa hoja: Mwafrika anaweza kuendesha kitu chake bila kushikwa mkono. Kule kuzunguka kulimpa pia watu, na mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria.

Sasa kisome ukiwa Garissa. Huku pia kulikuwa na wenye maduka na wafanyabiashara wa mifugo, ila nani angezunguka hivyo? Tangu 1926 NFD ilikuwa eneo lililofungwa: kuingia kibali, kutoka kibali. Ng'ombe walizuiwa kwa karantini wasifike soko la nyanda za juu. Vyama vya siasa vilikuwa marufuku hadi 1960. Ndiyo maana siasa za huku zilianza zimechelewa na zina haraka. Miaka miwili tu baadaye Abdirashid Khalif alikuwa London, Lancaster House, akidai NFD ijitenge.

Na hapa Jaramogi ananipa shida. Tarehe 28 Desemba 1963 hali ya hatari inatangazwa huku, Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa nani? Yeye. Mwaka 1966 kamata-kamata na kuwekwa kizuizini bila kesi kukawageukia wafuasi wake wa KPU. Uchungu wake nauamini kabisa, lakini jamani, huku tulikuwa tumeshaonja.

Kitabu kilitoka 1967, mwaka uleule wa makubaliano ya Arusha yaliyotuliza vita vya shifta. Sheria za hali ya hatari zenyewe zilikaa hadi 1991. Kwa hiyo nakisoma kwa wivu kuliko hasira. Natamani mwenye duka wa Garissa aandikwe kwa kirefu hivi: alinunua ngamia kwa bei gani, nani alimnyima kibali, deni la sukari lililipwa lini.