Chozi Juu ya Kibao

Katika filamu ya The Innocents yupo marehemu anayeonekana ameketi katika chumba cha masomo, kichwa kakiinamisha juu ya meza, analia. Mwalimu wa watoto, anayeigizwa na Deborah Kerr, anamwendea. Akifika, kiti ni kitupu. Filamu nyingi zingeridhika na hapo. Mwalimu yule anaangalia kibao cha kuandikia kilichobaki mezani, ananyoosha kidole taratibu, anagusa. Kuna tone la chozi, halijakauka.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1961. Tangu hapo watu wametengeneza mashetani ya kila umbo, na sijaona hata moja lililonisimamisha nywele kama tone lile la maji.

Mwongozaji wake, Jack Clayton, alianza na kero. Waliotoa fedha walitaka picha pana ya CinemaScope, upana wa kuonyeshea majangwa na majeshi, ilhali yeye alikuwa na nyumba moja ya mashambani Uingereza, mwanamke mwenye wasiwasi, na watoto wawili. Mpiga picha wake, Freddie Francis, akaamua kuiba ule upana kidogokidogo. Alipaka rangi kwa mkono vichujio vya kuweka mbele ya lenzi, ili kingo za picha zififie mpaka zimezwe na giza. Ndiyo maana ukiitazama unajikuta unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: macho yako kwenye uso wa Kerr, moyo wako uko pembeni, kule kusikoonekana vizuri. Hata mishumaa ilitengenezwa kwa makusudi, mmoja ukiwa na tambi kadhaa ndani yake, ili mwanga wake utoshe kupigia picha. Sisi watazamaji tunaona tu mwanamke kashika mshumaa, anapita ukumbini usiku wa manane. Francis alipewa Oscar mbili katika maisha yake, ya Sons and Lovers na ya Glory. Kwa giza hili hakupewa, na mimi bado nanung'unika kwa niaba yake.

Ninalitaja giza kwanza kwa sababu mtoto mwovu wa senema hawezi kusimama bila hilo. Ukimmulika sana anakuwa mtoto tu, amevaa shati safi, anasubiri mama yake amchukue.

Mtoto wa filamu hii, Miles, aliigizwa na Martin Stephens, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa kinara wa wale watoto wenye macho ya kutisha katika Village of the Damned. Kilichomfaa ni adabu. Anaongea kama mzee wa baraza, hapandishi sauti, anainama, anashukuru. Amefukuzwa shule, na barua ya shule haifafanui alilolifanya. Usiku mwalimu anagundua njiwa chini ya mto wake, shingo imevunjika. Mtoto hababaiki. Anamsikitikia njiwa, anasema atamzika kesho. Sasa wewe mtazamaji amua: ni mtoto mwenye huruma aliyeokota ndege aliyekufa, au ni nani aliyemvunja? Filamu haikusaidii. Henry James aliyeandika kisa chenyewe mwaka 1898 naye hakumsaidia mtu, na Clayton alikuwa na ujasiri wa kuuacha mlango ule wazi. Huenda mizimu ipo. Huenda imo kichwani mwa mwalimu tu, na watoto wale ni watoto kama wengine, wamepata mlezi asiyelala.

Nadhani hapo ndipo filamu hizi zinapotupata sisi tuliolelewa na usemi kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi ule una faraja yake iliyofichika, maana mtoto akiharibika kuna wa kulaumiwa: mama, baba, jirani, mwalimu. Filamu za watoto waovu zinatunyang'anya faraja hiyo. Mtoto amelelewa vizuri, analishwa, anabusiwa kabla ya kulala, na bado kuna kitu ndani yake ambacho hakikupitia kwa mzazi. Mzazi gani hajawahi kumtazama mwanawe akiwa kimya mno, kwa dakika moja hivi, akajiuliza anawaza nini?

Waitaliano nao walikuwa na fundi wao. Mwaka 1966 Mario Bava alitengeneza filamu ya kijiji kinachosumbuliwa na mzimu wa msichana mdogo mwenye mpira. Sehemu ya msichana huyo akampa mvulana. Mtazamaji haambiwi chochote, ila jicho linahisi kuna kitu hakijakaa mahali pake.

Halafu The Omen ya 1976. Sikatai, mna kichwa kinachokatwa na kioo, na watu wengi hukumbuka hicho. Lakini Richard Donner aliiongoza kwa msimamo mmoja: kila balaa liweze kuelezwa kuwa ni ajali, na baba, yaani Gregory Peck, aweze kuwa mtu anayerukwa na akili kwa huzuni. Angalia mahali mama anaposhughulikia maua juu, karibu na ukingo wa ghorofa. Mtoto wao, Damien, yuko chumbani anaendesha baiskeli yake ya matairi matatu, anazunguka, anazunguka. Yaya anafungua mlango. Mtoto anatoka mbio na baiskeli, anagonga alichosimamia mama, na bakuli la samaki linatangulia kuanguka. Hakuna moshi, hakuna pembe. Ni mchezo wa kila siku wa mtoto wa kila nyumba. Harvey Stephens, aliyemwigiza Damien, alikuwa na nywele za rangi ya mchanga wakazipaka nyeusi, na karibu filamu nzima hana la kusema. Wakampa ukimya, na Jerry Goldsmith akampa kwaya ya Kilatini iliyomletea Oscar yake ya pekee.

Sasa hivi mtoto wa filamu ya kutisha akiingia tu, macho yanageuka meusi kwa kompyuta, spika zinapiga kishindo, na baada ya nusu saa anatokea profesa kueleza pepo lilitoka wapi na linataka nini. Tukishaelezwa tunapoa. Nasi watazamaji hatuna la kujitetea, kwani tunatazama kwenye simu, mwangaza umepandishwa hadi mwisho, huku tunajibu ujumbe. Kazi ya brashi ya Francis kwenye kingo za picha ikifika kwenye kioo cha namna hiyo, inaonekana kama uchafu, na wapo wanaolalamika kwamba picha ni mbovu.

The Omen nayo ilirudiwa, kwa kisa kilekile karibu tukio kwa tukio. Ilianza kuonyeshwa siku ya Jumanne, ambayo si desturi ya majumba ya senema ya Marekani, kwa kuwa Jumanne hiyo ilikuwa tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka 2006, yaani 666, namba ya shetani. Ubunifu wote uliishia kwenye kalenda.