Sauti Nje ya Kitabu: Amandina Lihamba kama Mwigizaji na Mwongozaji

Ikisiri

Makala haya yanazipitia kazi za Amandina Lihamba kwa kuanzia jukwaani badala ya kwenye matini iliyochapishwa. Hoja kuu ni kwamba kazi hizo, kuanzia Hawala ya Fedha hadi mradi wa Tuseme, zinaonyesha kuwa kushiriki lugha moja hakutoshi kumfanya kila anayeitumia asikike. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu uhakiki na uhifadhi wa maonyesho.

Utangulizi

Neno tamthiliya lina asili ya Kiarabu, na shina lake linahusu kuigiza na kuwakilisha. Hata hivyo, katika uhakiki wa Kiswahili neno hilo limekuwa jina la kitabu. Tunachambua dhamira, wahusika na muundo kwa kurejelea kurasa. Ni nadra kuuliza mwigizaji alisimama wapi, alinyamaza kwa muda gani, au hadhira iliitikia nini.

Kwa mtunzi ambaye kazi yake imo zaidi katika maandishi, hasara ya mtazamo huo ni ndogo. Kwa Amandina Lihamba ni kubwa. Yeye ni mwigizaji, mwongozaji, mwandishi na msomi aliyekuwa profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1985 kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Tamthiliya alizochapisha si nyingi, na mojawapo aliiandika kwa ushirikiano. Anayemsoma maktabani tu atamweka pembeni mwa Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Makala haya yanaona kwamba hukumu hiyo inatokana na mahali tunapoanzia kusoma, wala si udogo wa kazi yenyewe.

Ofisi na mwananchi katika lugha moja

Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980, imetokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegali. Katika kisa hicho, mtu asiyejua kusoma anapokea hawala kutoka kwa jamaa yake aliyeko Paris, lakini kila ofisi anayoiendea inamdai karatasi ambayo ofisi nyingine ndiyo inayoitoa. Mwishowe anadhulumiwa fedha zenyewe.

Kwa Sembène, ofisi inazungumza Kifaransa na mwananchi Kiwolofu. Msomaji anaweza kudhani kwamba kikwazo ni lugha ya kigeni, na kwamba kikiondolewa mambo yatanyooka. Kisa kinapohamia katika Kiswahili, dhana hiyo inapoteza nguvu. Sasa jukwaa zima linazungumza lugha moja: karani, mwombaji, tapeli na jirani. Bado mwombaji hasikilizwi. Kinachobaki kuwatenga ni namna ya kusema: amri dhidi ya ombi, istilahi ya ofisi dhidi ya maelezo ya maisha. Hapa ndipo mwongozaji anapohitajika, kwa kuwa tofauti hiyo haionekani vizuri kwenye ukurasa. Inakaa katika kiimbo, katika karani asiyeinua uso, katika mtu anayeachwa amesimama. Tamthiliya hii, basi, inawahusu moja kwa moja wale wanaoamini kwamba kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kunamaliza kazi.

Utunzi wa pamoja

Mwaka 1982 ilichapishwa Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kundi la Paukwa, ambalo Lihamba alikuwa mmoja wa mihimili yake, lilitunga Ayubu kwa pamoja. Jina la kundi lenyewe linaeleza msimamo wake. Anayesema "Paukwa" hawezi kuendelea mpaka ajibiwe "Pakawa". Hadhithi inaanza kwa idhini ya hadhira.

Kanuni hiyohiyo iliwafuata wasanii hawa vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Lihamba, Muhando (sasa Penina Mlama) na wenzao walifanya kazi na wakazi wa Malya, mkoani Mwanza. Tatizo la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni lilijitokeza katika mazungumzo na wanakijiji, likaundiwa maonyesho kwa kutumia ngoma na maigizo, kisha likajadiliwa hadharani. Katika utaratibu huu mwongozaji hana mswada wa kuusimamia. Kazi yake ni kusikiliza, kupanga na kujua wakati wa kukaa kando.

Mhakiki anakutana na ugumu hapa, na ni haki ukubaliwe: si rahisi kutenga mchango wa Lihamba na wa wenzake. Ila ugumu huo ni wa mhakiki aliyezoea jina moja kwenye jalada. Fasihi simulizi ya Kiswahili haijawahi kudai jina hilo, nasi tumeweza kuihakiki.

Kimya cha Samehe

Katika filamu ya Maangamizi: The Ancient One (2001), iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ambaye kwa miaka mingi hajasema. Ni uamuzi wa kuvutia kumpa nafasi hiyo msanii ambaye maisha yake yote ya kazi yameshughulika na usemaji. Akiwa hana maneno, anabaki na macho, mabega na pumzi. Kimya chake hakichezwi kama utupu. Ni kimya cha mtu mwenye jambo lakini asiye na msikilizaji. Daktari aliyetoka Marekani ana elimu na nia njema, lakini hivyo peke yake havimpi ufunguo.

Kwa mtazamo wa makala haya, Samehe ni ndugu wa mwombaji wa Hawala ya Fedha. Mmoja anasema sana bila kusikilizwa. Mwingine ameacha kusema.

Tuseme na mipaka yake

Mwaka 1996 Lihamba na Mlama walianzisha Tuseme katika shule za sekondari za Tanzania. Wasichana hutambua wenyewe yanayowazuia kusoma, huyatungia maonyesho, na huyaonyesha mbele ya walimu na jamii. Jina la Kiswahili lilisimama katika shule ambazo lugha rasmi ya kufundishia ni Kiingereza. Baadaye shirika la FAWE liliupeleka mradi katika nchi nyingi za Afrika, zikiwamo zisizotumia Kiswahili, na jina likabaki lilelile. Ni vigumu kupata neno la Kiswahili lililosafiri hivyo bila amri ya serikali yoyote.

Hata hivyo, sifa isizibe swali. Maonyesho ya aina hii hutegemea ufadhili, na mradi huja na mada na muda wake. Zaidi ya hayo, msichana aliyesema leo mbele ya mkuu wa shule kesho yuko chini ya mkuu huyohuyo. Tuseme inahakikisha kwamba jambo limesemwa; haiwezi yenyewe kuhakikisha kwamba limejibiwa. Mpaka huu Lihamba alikuwa amekwisha kuuonyesha katika Hawala ya Fedha.

Hitimisho

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, idara za Kiswahili zifundishe uhakiki wa utendaji sambamba na uhakiki wa matini, na zikubaliane juu ya istilahi zake. Hata jina la kazi hii linayumba kati ya mwongozaji na mwelekezi. Pili, vyuo vihifadhi madaftari ya waongozaji, picha, rekodi na kumbukumbu za mijadala ya hadhira kabla wenye kumbukumbu hizo hawajaondoka. Tatu, washauri wa sera wanaopima maendeleo ya Kiswahili kwa idadi ya nchi zilizokiidhinisha waongeze kipimo kingine: ni nani, katika lugha hiyo, anayejibiwa anaposema. Kazi za Lihamba zimeliuliza swali hilo tangu mwaka 1980, na uhakiki wetu umechelewa kulisikia kwa sababu ulikuwa ukisoma tu.