KUFAHAMIKA NA KUSIKIKA: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA KUPIMIA MAWASILIANO YA MWENYE AFASIA

Kiharusi kinapoudhuru upande wa kushoto wa ubongo, aghalabu huacha afasia, yaani kupotea au kupungua kwa uwezo wa kutumia lugha. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kiasi cha theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi hupata pia afasia. Istilahi hii imetoholewa, na yafaa ibaki hivyo, kwani maneno tuliyo nayo hayatoshi. Bubu ni mtu asiyesema tangu utotoni. Na hapa Unguja, mgonjwa akisemwa kwamba "amekata kauli", jamaa zake huanza kumsomea Yasini. Mwenye afasia si huyu wala yule: akili yake ipo, na mara nyingi sauti yake ipo, ila njia ya kulifikia neno ndiyo iliyoharibika.

Anayetaka kujua mgonjwa huyo ataishije na watu akisharudi nyumbani hawezi kutosheka na kumtajisha majina ya picha. Kwa ajili hiyo Audrey Holland wa Marekani alitoa mwaka 1980 kipimo cha mawasiliano ya kila siku, ambacho hukubali hata ishara za mkono. Mwaka 1994 Leo Blomert na wenzake wakachapisha maelezo ya kipimo chao cha Uholanzi, kinachojulikana kwa majina ya miji ya Amsterdam na Nijmegen. Makala haya yanakihakiki hiki cha pili, kwa kuwa ndicho kinachomtatiza zaidi mfasiri.

Kipimo hicho kina hali kumi za maisha ya kawaida. Katika mojawapo, mgonjwa huonyeshwa shati lililoungua kwa pasi na kuambiwa kwamba yuko kwa dobi. Naye aseme atakalosema. Hali hii si ngeni Mji Mkongwe. Ugumu uko katika kutoa alama. Kila jibu hupimwa mara mbili, kwa alama 1 hadi 5: kwanza, je, ujumbe umefika? Pili, je, matamshi yametambulikana? Mambo haya mawili yana majina mawili katika Kiingereza. Mfasiri mwenye haraka anaweza kuyatia yote katika neno moja, "kueleweka", na hapo vipimo viwili huwa kimoja.

Hasara yake ni kubwa. Tuseme mgonjwa wa kwanza anajibu: "Shati yangu… pasi… moto… wewe lipa." Mwalimu atasahihisha ngeli, lakini dobi amekwishajua anachodaiwa. Wa pili anajibu kwa ufasaha: "Nimekuja kwa ajili ya kile chenyewe, walivyokuwa wakikifanya, basi ndivyo." Kila silabi imesikika, na upatanisho wa kisarufi hauna kasoro, ila dobi hakupata kitu. Kwa neno "kueleweka" peke yake, mpimaji mmoja atampa alama nyingi wa kwanza na mwingine atampa wa pili, na wote wawili watadhani wamefuata maelekezo.

Napendekeza basi "kufahamika kwa ujumbe" na "kusikika kwa matamshi". Vitenzi hivi viko midomoni mwa watu wa Unguja, wala havihitaji mafunzo marefu. Kadhalika maelekezo hayana budi kutamka wazi kwamba makosa ya ngeli hayapunguzi alama za kufahamika, ikiwa ujumbe umefika.

Jambo jingine ni salamu. Wengi wenye afasia hubakiwa na maneno ya mazoea: huitikia "marahaba", hujibu "waalaykumu salaam", huhesabu mpaka kumi, na hali hawawezi kuomba maji. Mpimaji anayeanza kwa kuamkiana, kama ilivyo ada yetu, asiyahesabu majibu hayo kuwa ujumbe.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mabishano ya maneno tu. La. Mgonjwa akiandikwa kwamba "haeleweki", nduguze watamsemea katika kila jambo, hata la kuuzwa kwa minazi yake. Akiandikwa kwamba "anaeleweka" kwa kuwa matamshi yake ni safi, hatapewa msaada anaouhitaji. Kwa hiyo istilahi hizi mbili zitenganishwe kabla ya kipimo kufasiriwa.