Huduma, Tija na Mchuuzi wa Pwani ya Kusini

Siku hizi kumezuka miongoni mwa baadhi ya viongozi na wasomi wetu mtindo wa kushangilia tarakimu moja. Wanasoma katika hesabu za Taifa kwamba sekta ya huduma, yaani biashara, uchukuzi, mawasiliano, fedha, elimu, afya na utawala, inatoa sehemu kubwa zaidi ya Pato la Taifa kuliko kilimo. Papo hapo wanahitimisha kwamba nchi imekwisha kuvuka mto, kwa sababu hata mataifa tajiri yana huduma nyingi kuliko mashamba.

Upande wa pili wapo makada wenye kasumba ya namna nyingine. Kwao, mwenye kushika jembe au nyundo peke yake ndiye mfanyakazi. Muuza duka, dereva, wakala wa fedha na mchuuzi wote wanatiwa katika kapu moja la kupe wanaoishi kwa jasho la wenzao.

Sisi tunasema kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba kosa lao ni moja. Hakuna upande unaouliza swali la msingi: huduma hii inamfanyia nini mzalishaji? Katika makala haya tutalijibu swali hilo kwa kuitazama pwani ya Kilwa na Lindi, kwa sababu mambo yaliyojificha kwingine, huko yanaonekana wazi.

Huduma hupimwaje?

Ubishi huu si mpya. Mwaka 1776 Adam Smith aliandika kwamba kazi ya mtumishi wa nyumbani haizalishi, kwa kuwa hupotea mara inapotendwa na haiachi kitu kinachoweza kuuzwa tena. Karl Marx alilikosoa wazo hilo. Alionyesha kwamba chini ya ubepari hata mwalimu anahesabiwa kuwa mzalishaji ikiwa anamtajirisha mwenye shule. Yaani neno "kuzalisha" hutegemea mahusiano ya watu katika kazi, wala si kushikika kwa kitu. Baadaye nchi za Kisovieti ziliziacha huduma nyingi nje ya hesabu ya pato lao, wakati nchi za kibepari zilizihesabu zote pamoja.

Utaratibu unaotumika sasa duniani, ambao na sisi tunaufuata, una udhaifu ambao kila kada anapaswa kuujua. Huduma inayouzwa huhesabiwa kwa bei yake. Huduma isiyouzwa, kama ya zahanati ya serikali au shule ya msingi, kwa kawaida huhesabiwa kwa gharama yake, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ni mishahara. Tuchukue mfano wa walimu wawili wenye mshahara sawa. Mmoja anafundisha watoto wakajua kusoma. Wa pili anakaa ofisini akipiga soga. Katika Pato la Taifa hao wawili wametoa kiasi kile kile.

Tena ukubwa wenyewe wa pato hutegemea namna ya kuhesabu. Mwaka 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipoacha kutumia mwaka 2001 kuwa mwaka wa kizio na kuanza kutumia mwaka 2007, pato la mwaka huo wa 2007 lilionekana kuwa kubwa zaidi kwa karibu asilimia 28. Hapakuwa na gunia moja la ufuta lililoongezeka ghalani siku hiyo. Hatusemi kwamba watakwimu walifanya hila. Walitimiza wajibu wao kwa kuhesabu shughuli ambazo awali hazikuonekana. Tunasema tu kwamba tarakimu ni chombo, na mwenye kukitumia chombo sharti ajue kinapima nini.

Funzo la kivuko

Kwa miaka mingi msafiri wa kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara kutoka Dar es Salaam alilazimika kuuvuka Mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Mto ulipofurika, Kusini ilitengwa na nchi. Malori yalipanga foleni, samaki waliharibika, mgonjwa alisubiri, na utingo alilala chini ya gari.

Sasa tujiulize: hesabu za Taifa zinaionaje hali ile? Nauli ya kivuko ni pato la huduma. Kitanda alicholalia abiria aliyekwama ni pato la huduma. Sahani ya wali na kikombe cha chai walivyouziwa watu wanaosubiri ni pato la huduma. Hasara ya samaki waliooza haikuandikwa popote kwamba ni gharama ya kusubiri.

Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Siku ile nauli za kivuko zikakoma na biashara ya kusubirisha watu ikafa. Mwenye kutazama mapato ya huduma za pale mtoni peke yake angesema kwamba sekta imeporomoka. Lakini kila mtu wa Kusini anajua kwamba ukweli ni kinyume chake: tija ya jamii nzima ilipanda, maana saa zilizokuwa zikipotea ukingoni mwa mto zilirudi kwa mkulima, kwa mvuvi na kwa dereva.

Hapo ndipo penye kipimo chetu. Tija ya huduma ni muda na jasho inaloliokoa kwa wazalishaji, wala si fedha inayopita mkononi mwa mtoa huduma. Huduma inayokula muda wa watu inaweza kuwa na pato kubwa vitabuni huku ikiwa mzigo kwa Taifa. Na kipimo hicho hakilali. Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Kusini katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, magari yalikwama, na kwa siku kadhaa wananchi wakarudi katika uchumi wa kusubiri.

Huduma bila uzalishaji

Historia ya pwani hii inatupa funzo la pili. Kilwa Kisiwani, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331, ilikuwa katika maana ya leo mji wa huduma. Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara kwa njia ya Sofala. Kilwa iliipokea, ikaitoza ushuru na kuipeleka ng'ambo. Kwa utajiri huo masultani walijenga Husuni Kubwa na kupiga sarafu zao wenyewe. Lakini Wareno walipoivamia mwaka 1505 na kuishika biashara ya Sofala, mji ulinyauka, kwa sababu chemchemi ya utajiri wake haikuwa mikononi mwake. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilistawi tena kwa huduma, na huduma yenyewe ilikuwa kuwapakia binadamu majahazini kama bidhaa. Pato lilikuwepo, nalo lilikuwa pato la kuteketeza wazalishaji wa bara.

Wakoloni wa Kiingereza nao walitupa mfano wao. Mwaka 1947 walianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake vikuu. Wakajenga reli na bandari kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ile ya reli ikafungwa na mataruma yake yakang'olewa kwa kukosa mizigo.

Kwa hiyo daraja na reli havipingani katika hoja yetu. Daraja lilikuta wazalishaji wanaosubiri. Reli ilisubiri wazalishaji ambao hawakuwepo.

Jina la mchuuzi

Tuje sasa kwenye jambo linalogusa heshima ya watu wa pwani hii. Kila mchuuzi wa mkononi katika nchi yetu, awe Mwanza au Mbeya, anaitwa machinga. Jina hilo huhusishwa na Wamachinga, watu wa pwani ya Lindi, kutokana na vijana wa Kusini waliokwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mitaani. Hivyo pwani ya Lindi ndiyo iliyoipa sekta ya huduma ya Tanzania jina lake maarufu kuliko yote.

Je, kijana yule alipoacha shamba la mikorosho na kubeba mashati begani, tija ya Taifa ilipanda? Kwenye karatasi jibu ni ndiyo. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wenye kazi walikuwa katika kilimo, ambacho kilitoa chini ya theluthi moja ya pato. Basi mtu akihama kutoka kilimo kwenda huduma anaonekana kupanda ngazi.

Lakini wastani ni kivuli, na kivuli hakina nyama. Wastani wa huduma unachanganya benki na makampuni ya simu na kijana mwenye mashati sita. Tuchukue mfano wa mtaa wenye genge moja linalouza magunia kumi ya mchele kwa mwezi. Yakifunguliwa magenge mengine manne, na wakazi wakawa wale wale kwa mapato yale yale, magunia yatabaki kumi. Ajira imeongezeka mara tano, pato halikuongezeka, na tija ya kila muuzaji imeshuka ikawa moja ya tano. Huko si kukua kwa sekta. Huko ni kugawana ukosefu wa kazi.

Tujisahihishe

Tukiishia hapo tutakuwa tumewapa silaha wale makada wa upande wa pili, ambao watasema: basi wachuuzi wafukuzwe. Nasi tulikwisha kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa sehemu nyingi kabla maduka ya ushirika hayajawa tayari kuchukua nafasi yake. Aliyeumia ni mwanakijiji aliyetembea mwendo mrefu zaidi kutafuta chumvi na mafuta ya taa, na operesheni ikabidi isimamishwe. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Ilibidi virejeshwe kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na wachuuzi wakakamatwa mijini pamoja na waliohesabiwa kuwa wazururaji. Kuanzia Desemba 2018 mchuuzi yule yule alipewa kitambulisho kwa shilingi 20,000, na mwaka 2021 akaondolewa kando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo maalumu.

Kumpa kitambulisho ni ungwana kuliko kumkamata, na hatuwezi kuyaweka hayo mawili katika mizani moja. Hata hivyo hatua hizo zote zilishughulikia mahali anaposimama mchuuzi. Hazikushughulikia sababu iliyomtoa kwao.

Sababu hiyo tunaweza kuiona katika jambo moja ambalo kila mkulima wa Lindi analijua: kangomba. Mlanguzi anakuja wakati wa njaa, kabla ya mavuno, ananunua korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Sisi tunamlaani, na tuna haki ya kumlaani, kwa kuwa ananyonya. Lakini uchambuzi wa kisayansi haukomei kwenye laana. Mlanguzi anatoa huduma moja: analeta fedha taslimu siku ambayo mtoto anaumwa na chakula kimekwisha. Anaitoza huduma hiyo nusu ya jasho la mwaka kwa sababu hakuna mwingine aliyeileta siku ile. Kangomba haitakufa kwa amri, kama duka la mwaka 1976 lisivyoweza kuzibwa pengo kwa amri. Itakufa siku chama cha msingi kitakapoweza kumkopesha mkulima kwa wakati na kwa riba ya haki.

Utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza katika korosho za Kusini msimu wa 2007/2008, ulikuwa hatua sahihi. Leo vyama vikuu vya Lindi Mwambao na RUNALI huuza mazao ya wanachama kwa mnada. Mkulima mmoja mmoja hakuweza kumleta mnunuzi mkubwa. Kwa pamoja wameweza. Hiyo ni huduma inayozalisha. Lakini ghala, mizani, usafirishaji na uandishi wa chama vyote hulipwa kwa makato kutoka kwenye kilo ya mkulima, na malipo yakichelewa, mkulima anarudi mlangoni kwa mlanguzi. Katibu wa chama anayechelewesha orodha ya malipo kwa wiki mbili anapunguza tija ya kijiji kizima, ingawa posho yake itahesabiwa kuwa pato.

Wajibu wa kada

Kwa hiyo kada anapofika kijijini Kilwa, Mchinga au Ruangwa na kuonyeshwa huduma mpya, asiulize kwanza imegharimu shilingi ngapi au imeajiri watu wangapi. Aulize maswali matatu. Imeokoa saa ngapi, na za nani? Je, mzalishaji ataikosa ikiondolewa, au ataikosa mtoa huduma peke yake? Na faida iliyopatikana inarudi shambani na baharini, au inaishia njiani?

Bandari ya uvuvi iliyoanza kujengwa Kilwa Masoko mwaka 2023 ipimwe kwa maswali hayo hayo. Mvuvi wa Songosongo akiuza samaki wabichi kwa bei ya haki badala ya kuwauza kwa haraka kwa kuogopa waoze, bandari itakuwa imezaa. Akibaki na ngalawa ile ile na mnunuzi yule yule, tutakuwa tumejenga reli ya karanga nyingine juu ya maji.

Na siku kijana wa Lindi atakapouza mashati Dar es Salaam kwa kuwa ameipenda kazi hiyo, na si kwa kuwa mkorosho wa baba yake umekwisha kuuzwa mtini, siku hiyo tutakuwa na haki ya kuishangilia tarakimu ya huduma.